Mifuko ya mahindi ilikubalika Makueni. Mbona Kakamega haikununuliwa?

SWALI: Habari Daktari. Mimi na wenzangu wawili tuna kampuni ndogo hapa Nairobi. Misimu miwili iliyopita tuliwapelekea wakulima 80 wa Makueni mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhi mahindi, pamoja na turubai za kuanikia na kipima unyevu. Kaya 74 ziliitumia mifuko mpaka mwisho, na mfadhili wetu akafurahi. Sasa anataka tufikie kaya 20,000 katika kaunti nne kwa miaka mitatu. Tulianza Kakamega Agosti iliyopita. Tulifundisha kaya 400, na zilizonunua mfuko kwa shilingi 250 ni 31 tu. Wenzangu wanasema wakulima wa huko wanahitaji mafunzo zaidi. Mimi sina uhakika. Tumekosea wapi?

JIBU: Dada yangu, nashukuru umeniandikia kabla hamjaajiri watu wa kufundisha zaidi. Pesa hizo zishikeni kwanza. Zile kaya 369 za Kakamega ambazo hazikununua zina habari ambayo kaya 74 za Makueni hazingeweza kuwapa, na ningekuwa mimi ningekwenda kuzisikiliza kabla ya kuzifundisha tena jambo lolote.

Tuanze na Makueni. Mlipowafikia wale wakulima 80 hamkupeleka mfuko peke yake. Mlipeleka turubai, mkapeleka kipima unyevu na kijana wa kukishika, na nadhani kijana huyo alikuwa akipita na bodaboda kila wiki kuuliza kama mahindi yamekauka na kama kuna mfuko uliotoboka. Tena umeandika kwamba Makueni "mliwapelekea"; neno la kununua nimelikuta ulipofika Kakamega. Kilichofanikiwa Makueni ni hayo yote kwa pamoja, na mfuko ni kipande kimoja tu ndani yake. Kwa kaya 80 vijana wawili wanatosha. Kwa kaya 20,000, kwa mwendo huo huo, mtahitaji vijana 500, na mfadhili akiondoka mwaka wa nne hakuna wa kuwalipa. Kwa hiyo swali ninalotaka mkae nalo ni hili: kazi iliyofanywa na vijana wenu itafanywa na nani kila msimu, na yeye atapata nini kwa kuifanya?

Jambo hili nimelijua kwa kulikosea. Nilipoanza kazi, mradi mmoja ulinituma Ukambani kueneza ghala bora za mahindi, zile zinazoinuliwa juu ya nguzo, kila nguzo ikivishwa bati la umbo la koni ili panya asipande. Tulijenga 40. Niliandika ripoti kwamba karibu zote zinatumika, na siku niliyoiandika ilikuwa kweli. Miaka mitatu baadaye nikapita huko kwa shughuli nyingine, nikahesabu sita zenye mahindi. Baadhi zilikuwa na kuku, baadhi makaa. Nikamuuliza mama mmoja kulikoni. Akanionyesha nguzo: bati lilishika kutu likaanguka, panya wakapanda, naye akahamishia mahindi ndani ya nyumba. Mbona hukununua jingine? "Nilinunue wapi?" akaniuliza. Yale mabati tulikuwa tumeyaagiza kwa mafundi wa Kamukunji, hapa Nairobi, tukayapakia kwenye gari la mradi. Hakuna duka hata moja la huko lililowahi kuyauza. Fundi wa soko la karibu angelitengeneza kwa nusu siku kama tungemwonyesha, na hatukumwonyesha.

Linaniuma hadi leo. Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, na 125 kati yao wakafariki. Wachunguzi walipofuatilia, walikuta kwamba familia zilizopatwa mara nyingi zilikuwa zimeweka mahindi ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu. Kwa hiyo usinisome kama mtu anayewaambia muache. Mfuko wenu unagusa jambo linaloua, na ndiyo sababu nataka ufike mahali unapohitajika na ubaki huko.

Sasa tazama kwa nini Makueni walikubali. Kwanza wanakumbuka mwaka ule. Kuna nyumba zilizozika watoto. Pili, kule mvua ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba, na ile ya Machi hadi Mei hukatika mara nyingi. Mahindi yanayovunwa Februari huenda yakatakiwa kulisha familia mpaka Februari nyingine. Ndani ya miezi 12 dumuzi, yule mdudu aliyetoka Amerika ya Kati akaingia Afrika Mashariki kupitia Tanzania, anaweza kulifanya gunia zima kuwa unga kabla halijafika kinuni. Tatu, jua la Februari Ukambani ni kali, na turubai moja na siku chache zinatosha kukausha. Mkulima huyo ana mahindi ya kukaa muda mrefu, ana adui anayemjua kwa jina, na ana njia ya kuyakausha. Mfuko umemkuta akiwa tayari anauliza swali ambalo mfuko unalijibu.

Nenda Kakamega sasa. Familia nyingi huko zina mashamba madogo sana. Tuseme mama mmoja amevuna magunia matano mwezi wa Agosti, mvua ingali inanyesha. Mawili anayauza upesi, kwa sababu ana deni la dukani na mtoto anarudi shule. Yamebaki matatu, na nyumba yake inakula karibu gunia moja kwa mwezi. Kufikia Novemba yamekwisha. Katika miezi mitatu wadudu watamharibia debe moja pengine, nawe unamwomba shilingi 750 za mifuko mitatu ili kuliokoa debe hilo, tena mwezi ambao mahindi ni ya bei ya chini kuliko miezi yote. Na mahindi yenyewe hayajakauka. Akiyafungia kwenye mfuko usiopitisha hewa yakiwa na unyevu, yatanuka na kuoza. Mama huyo amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Ukimfundisha mara ya pili atapata jibu lile lile.

Naomba hili uwaeleze wenzako kwa upole, kwa maana wengi wetu tuliosoma tumelelewa kuamini kwamba mkulima asiyepokea kitu kipya hakukielewa. Tavneet Suri, mchumi aliyetafiti mahindi ya chotara hapa Kenya, alichapisha mwaka 2011 kazi iliyoonyesha kwamba wengi wa wanaoacha kutumia mbegu hiyo ni wale ambao kwao, ukitoa gharama zote, faida ni ndogo. Pia alikuta kundi jingine dogo ambalo lingepata faida kubwa sana lakini liko mbali na barabara na maduka, hivyo kuipata mbegu yenyewe ni ghali mno. Makundi hayo mawili yote yanaonekana kwenye takwimu kama "hawakupokea". La kwanza unaliheshimu na kuliacha. La pili unalijengea njia. Mafunzo hayamsaidii yeyote kati yao.

Na historia ya nchi hii inatosha kutufundisha kwamba mkulima mdogo si mzito wa kubadilika. Chotara ya H611 ilipotolewa Kitale mwaka 1964, wakulima wa nyanda za juu za magharibi waliipokea kwa kasi kuliko hata wakulima wa Iowa, Marekani, walivyopokea chotara zao miaka ya 1930. Wengi hawakuwa na redio, wengine hawakujua kusoma. Lakini mbegu iliwafaa, mavuno yalionekana kwa macho katika msimu mmoja, na ilikuwa ikiuzwa katika maduka madogo ya vijijini, kwenye rafu ile ile ya sukari na mafuta ya taa. Kule Ukambani mbegu hiyo hiyo haikwenda mbali, kwa sababu ilihitaji msimu mrefu ambao mvua ya kule haiutoi. Watu wa kule walikuja kupata yao, Katumani, iliyokomaa mapema, kutoka kituo cha utafiti karibu na Machakos. Hakuna aliyesema Wakamba wanahitaji mafunzo zaidi juu ya H611.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na najua hautampendeza mfadhili: ondokeni Kakamega kwa sasa. Kabla hamjaondoka, watafuteni wale 31 walionunua, mmoja mmoja, mjue ni akina nani. Nadhani mtakuta mwalimu mwenye mshahara, mwenye ekari nne, na mfanyabiashara anayenunua mahindi ya jirani zake Agosti na kuyauza Mei. Hao ni wateja halali na watawafaa. Hawatakuwa 5,000. Kwa wengine wote wa Kakamega shida ni kwamba mahindi yenyewe hayatoshi. Mashamba mengi ya magharibi yanakabwa na kiduha, lile gugu la maua ya zambarau ambalo Wajaluo huliita kayongo, linalonyonya mizizi ya mahindi. Kuna dawa yake nzuri, kilimo cha sukuma-vuta, kilichotengenezwa na ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, hapa Kasarani na kule Mbita, kwa kushirikiana na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza: unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za nepia au brakiaria kuzunguka shamba. Desmodiamu inafukuza nondo wa funza wa mabua, na mizizi yake inaifanya mbegu ya kiduha iote bila kupata mzizi wa kunyonya, ikafa. Nyasi za pembeni zinawavuta nondo. Hiyo ni kazi ya watu wengine, lakini itazame, kwa sababu ina funzo kwenu. Haiwezi kufungwa kwenye pakiti ikauzwa ikaisha. Mtu lazima ajifunze kupanda, kupunguza na kusubiri. Kinachoisaidia kuenea ni ng'ombe. Desmodiamu na nepia ni malisho, na mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa anaipata faida hiyo mapema, kabla hajaamini habari ya kiduha.

Kaunti zenu nne ziwe Makueni, Kitui, Machakos na Tharaka Nithi. Hali inafanana: mahindi ya kukaa muda mrefu, dumuzi, jua, na kumbukumbu ya sumukuvu.

Halafu mje kwenye duka, na hapa ndipo ningependa mtumie muda mwingi kuliko mahali popote, kwa kuwa ndipo miradi mingi mizuri niliyoiona imekufa. Kaa nyuma ya kaunta ya duka la agroveti pale Wote au Mwingi siku moja nzima. Tuseme mwenye duka ananunua mfuko kwenu kwa shilingi 210 na kuuza 250. Anapata 40. Akichukua mifuko 200 amezika shilingi 42,000. Mifuko inauzika Februari na Machi, basi, halafu inakaa mpaka mwaka ujao ikila vumbi na kutishwa na panya. Pesa hiyo hiyo akiiweka kwenye chakula cha kuku na dawa ya minyoo inazunguka kila wiki. Mimi ningekuwa yeye nisingeuza mfuko wako, hata kama naamini kwamba ni mzuri. Akikwambia "acha hiyo mitano nijaribu", anakufanyia heshima tu.

Zipo njia za kulitatua hilo. Mpeni mifuko kwa mali kauli, 20 kwa 20, alipe baada ya kuuza, na isiyouzwa kufikia Aprili mwirudishe wenyewe. Itawagharimu, lakini ni rahisi kuliko kulipa vijana 500. Mtaji wa mfadhili ufanye kazi hiyo hasa, ya kubeba mzigo wa mali inayosubiri msimu. Pia mwongezeeni faida. Kama bei lazima ibaki 250, punguzeni yenu.

Kuna mtu mwingine ambaye sijui kwa nini tunamsahau: mwenye mashine ya kupukuchua mahindi. Anazunguka boma hadi boma wakati wa mavuno, anafika siku ile ile punje zinapotoka kwenye gunzi, na analipwa kwa kila gunia, mara nyingi kwa mahindi. Hana haja ya kuwatafuta wateja wala kuweka ghala. Akiwa na mifuko 30 nyuma ya trekta au pikipiki yake, mkulima anaweza kulipa mfuko kwa gorogoro kadhaa za mahindi aliyoyapukuchua dakika hiyo. Wapo wangapi katika kaunti hizo? Waandikeni wote. Mkipata 200, na kila mmoja anahudumia kaya 100 kwa msimu, mmezifikia kaya 20,000 bila kuajiri mtu.

Vivyo hivyo kipima unyevu. Msijaribu kukiweka mikononi mwa kila kikundi. Kitapotea, betri itakwisha, na hakuna atakayejali. Kiwekeni kwenye kinu cha kusaga. Mwenye kinu anawaona wote, na mahindi mabichi yanamsumbua kwenye mashine yake, kwa hiyo ana sababu ya kupima. Nyumbani chupa inatosha. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, ongeza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funika, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, anika tena. Isiponata, anika siku moja zaidi ndipo ufungie, kwa sababu kiwango salama ni asilimia 13.5 kushuka chini. Wafundisheni watoto wa shule jambo hili. Na msiseme kamwe kwamba mfuko unaondoa sumukuvu. Hauondoi. Unaizuia isiongezeke kwenye mahindi yaliyoingia makavu. Iliyokwisha kuingia itabaki humo humo.

Kuhusu wakati wa kuuza. Huko Busia, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya jaribio na mbolea lililochapishwa mwaka 2011. Wakulima walikuwa wakisema kila mwaka wanataka kununua mbolea, na kila mwaka wakati wa kupanda hawana pesa. Watafiti wakaenda kwao mara baada ya mavuno, pesa ingali mkononi, wakawaambia: lipa leo, tutakuletea mpaka nyumbani bila nauli. Punguzo hilo dogo la usafiri, likitolewa siku hiyo, liliongeza matumizi ya mbolea kwa kiasi kinachokaribia kile cha kupunguza bei kwa nusu baadaye, wakati mbolea inapohitajika shambani. Nimelifikiria jaribio hilo miaka mingi. Linamaanisha kwamba mradi unaweza kutumia fedha nyingi mno kwa kufika mwezi usio sahihi. Ninyi bahati yenu ni kwamba mfuko unahitajika wakati ule ule wa mavuno, basi mali iwe imefika dukani na kwa wapukuchuaji kabla ya mwisho wa Januari. Kalenda ya mfadhili ikisema fedha zitatoka Machi, mwelezeni kwamba Machi ni mwaka mzima umepotea, na mmwonyeshe kwa nini.

Sasa habari inavyosambaa. Bruce Ryan na Neal Gross walipowahoji wakulima 259 wa Iowa kuhusu chotara, kazi iliyochapishwa mwaka 1943, walikuta kwamba wengi walizisikia kwanza kwa wauza mbegu, lakini aliyewafanya waamue ni jirani. Na huko Malawi watafiti walijaribu njia mbalimbali za kuchagua wakulima wa kufundisha wenzao kilimo cha mashimo. Walichokikuta ni kwamba mtu mmoja wa kuiga mara nyingi hatoshi. Watu walihitaji kuwajua angalau wawili wanaotumia ndipo wakajaribu. Kwa hiyo yule "mkulima wa mfano" mmoja kwa kila kijiji, tunayempenda sana kwenye mapendekezo ya miradi, ni mpweke mno. Afadhali vijiji vichache, na katika kila kimoja wakulima watano wanaojuana, kuliko mmoja mmoja kila mahali. Na wasiwe matajiri wa kijiji. Mtu mwenye ekari moja akimwona mwenye ekari kumi amefaulu husema, "Yule ana vyake."

Sherehe ya kufungua mifuko itawasaidia kuliko semina. Teknolojia hii ya mifuko ya tabaka tatu ilianzia Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde, chini ya Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, na ilipoenezwa Afrika Magharibi kuanzia 2007 walifanya hivi: mbele ya kijiji kunde zinafungiwa, mfuko unaachwa kwa mtu anayeaminika, na baada ya miezi kadhaa kijiji kinaitwa tena kuufungua. Watu wanatia mkono, wananusa, wanatafuna punje. Kwenu, fungieni Machi, fungueni Agosti, chifu akiwepo, na mwenye duka akiwepo na mifuko yake mezani. Redio za Kikamba zitangaze tarehe na zije kurekodi. Sina la zaidi kuhusu matangazo. Mengine mnayajua kuliko mimi.

Huenda pia unajiuliza kama kutoa bure ni kosa. Si lazima. Uganda kuna utafiti uliowapa wakulima mfuko mmoja bure, na baadaye wale waliopewa walielekea zaidi kununua mwingine kwa bei kamili kuliko ambao hawakupewa. Mmoja unamruhusu mtu kujaribu bila hofu. Mkimpa mitano amemaliza haja yake, na mwenye duka amefunga kitabu chenu.

Kuna jambo moja ambalo majaribio ya kaya 80 hayawezi kukuonyesha hata ukiyafanya vizuri namna gani, nalo ni bei. Kaya 80 zikiweka mahindi mpaka Juni, soko la Wote halitajua. Kaya 20,000 zikiweka, litajua. Huko Bungoma watafiti walifuatilia wakulima waliopewa mikopo wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza mahindi kwa bei ya chini. Waliopata mkopo walifaidika. Lakini pale ambapo wengi wa eneo moja walikuwa wameupata, bei ya wakati wa mavuno ilipanda kidogo na ile ya miezi ya njaa ikashuka kidogo, kwa hiyo faida ya kila mkopaji ikapungua, na yaelekea sehemu yake ilikwenda kwa majirani wasio na mkopo, pengine hata kwa wale wanaonunua unga tu. Mimi nalipenda tokeo hilo, kwa sababu linaweza kumfikia maskini asiye na shamba. Ila ukimwahidi mkulima kwamba akihifadhi atauza Juni kwa bei mara mbili, na jirani zake wote wamehifadhi, atakuita mwongo. Muahidini chakula kisicholiwa na dumuzi na kisicho na ukungu. Hiyo ahadi haipungui hata kijiji kizima kikinunua.

Maafisa wa kilimo wa kaunti waingizeni mapema, maana tangu ugatuzi wa 2013 kilimo ni kazi ya kaunti na wao ndio watakaokuwepo mkiondoka. Nendeni kwao mkiwa na jambo dogo na wazi la kuomba, kwa mfano mtihani wa chupa ya chumvi uwe sehemu ya kila ziara yao. Msiwaombe wauze mifuko.

Na mfadhili. Atakuuliza mmefikia kaya ngapi. Tafadhali msimpe hesabu ya mifuko iliyosambazwa. Mimi ndiyo niliyompa wangu, ghala 40, na sisi sote tulilala vizuri. Mpeni hesabu ya mfuko wa pili: ni kaya ngapi zilinunua tena, kwa pesa yao, kwa mtu asiyelipwa na ninyi. Mwaka wa kwanza idadi hiyo itakuwa ndogo na itawatia aibu. Mwandikieni mapema kwamba itakuwa ndogo, na kwamba mnapendekeza kaya 3,000 mwaka wa kwanza katika maeneo mawili badala ya kutawanyika kaunti nne. Nimekutana na wafadhili wengi waliokubali barua kama hiyo, ilimradi ilikuja kabla ya mambo kuharibika.

Kabla ya yote hayo, Februari panda basi uende Makueni kwa zile kaya 74. Usivae fulana ya kampuni, usiende na kijana wenu, usipige simu kwamba unakuja. Mavuno yatakuwa yanaendelea. Omba uonyeshwe mahindi yalipo. Tazama mfuko ulio na mahindi ni ule mliotoa au ni mpya, na kama ule wa zamani umetobolewa na dumuzi, maana huweza kutoboa nailoni, uliza walifanya nini baada ya hapo. Uliza turubai iko kwa nani. Uliza kama wangetaka mfuko mwingine leo jioni wangeutafuta wapi, na usiwasaidie kujibu. Ukimaliza, niandikie idadi ya waliotaja mahali, na majina ya maduka waliyoyataja.